Maji ya Juu

Siku ya nne tangu Philomena aungue, Balbina alifika wodini na chupa ya uji akakuta kiti alichozoea kukalia kimesogezwa kwenye kitanda cha jirani, kimewekewa mkoba. Hakukiomba. Alisimama pembeni ya wifi yake, akamimina uji kwenye kikombe cha bati, na wakati wote huo alijua kwamba wanawake wa vitanda vya karibu wameacha kuzungumza ili wamsikilize.

"Leo umekamulia limau," Philomena alisema baada ya kuonja.

"Kidogo tu. Jana ulisema hauna ladha."

"Jana nilisema mdomo wangu ndio hauna ladha. Uji wenyewe haujakosa kitu." Miguu yake yote miwili ilikuwa imefungwa bendeji kuanzia magotini kushuka, na mkono wa kulia vilevile, kwa hiyo kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto kama mtoto anayejifunza kula. Alikunywa mara mbili, akapumua. "Wifi, hebu niambie ukweli. Kaka yangu alilala?"

"Hakulala."

"Basi alikunywa."

"Stanislaus huyu? Soda yenyewe anakunywa nusu anabakiza."

"Mimi namjua. Hawa hawamjui." Philomena alielekeza kidevu kwenye vitanda vingine, bila kushusha sauti. "Jana kaja mtu kutoka kiwandani na sabuni mbili na juisi ya boksi. Kasimama hapo ulipo wewe, kasema kila mtu akasikia: pole sana dada, tatizo ni opareta wetu, ameandika namba za uongo. Maji yanachemka, yeye daftarini ameandika digrii thelathini na mbili. Basi tangu hapo kila anayekuja kumwona mgonjwa wake anaonyeshwa mimi. Yule pale, kaunguzwa na kaka yake mwenyewe, tumbo moja."

Balbina alifunga kifuniko cha chupa, akakifungua, akakifunga tena.

"Kikao ni kesho," alisema.

"Nimesikia. Wakithibitisha kaghushi, wanampeleka polisi. Sasa mbona hasemi kitu? Yule tangu utotoni ndivyo alivyo. Tulikuwa tunavunja chungu sisi, anachapwa yeye, kanyamaza." Philomena alimtazama wifi yake usoni. "Na wewe siku hizi umekuwa kama yeye. Unakuja, unamimina uji, unaondoka. Kuna nini?"

"Nimechoka tu, wifi."

"Mimi niliyelala ndiye nisichoke?"

Mwanamke wa kitanda cha jirani alicheka kidogo, akajifanya anakohoa. Balbina alikusanya vyombo vyake akatoka, na mpaka anafika getini alikuwa bado anajiona amesimama pale, hana kiti.

Watu wa Lipangalala huliita bwawa, lakini ni shimo la zege nyuma ya kiwanda cha kuchemsha mpunga, kubwa kama chumba, lenye kina cha mita tatu. Boila la kiwanda hula pumba mchana kutwa. Presha ikizidi, valvu ya usalama hufunguka, na mvuke uliozidi hupita kwenye bomba nene na kuingia majini, ukafia humo na kuwa maji. Bila bwawa hilo mvuke ungepiga kelele juu ya nyumba za watu na kumbabua yeyote aliye karibu. Stanislaus alikuwa amelilinda kwa miaka sita. Kazi yake ilikuwa kusoma kila saa namba ya kipimajoto cha bwawa, kusoma presha, kutazama kama pampu ya kuzungusha maji inafanya kazi, na kuandika.

Siku ile, saa kumi jioni, mvuke haukufia majini. Ulipasua maji ukatoka nayo juu, wakati Philomena ameinama ukingoni na ndoo.

Oliva, mtoto wao wa kwanza, alikuwa ameshuka kwenye basi la Dar jana yake. Alikuwa msichana wa maneno machache, mwenye tabia ya kushika shingo yake mwenyewe anapofikiri, na alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Balbina aliporudi kutoka hospitali aliwakuta yeye na baba yake wamekaa uani, sahani ya mihogo kati yao haijaguswa.

"Baba, ukurasa wa siku ile huna?"

"Daftari wamelichukua."

"Hukupiga picha?"

"Nipige picha kazi yangu ya kila siku, kwani ni harusi?" Lakini alitoa simu. "Yoramu wa zamu ya asubuhi amenitumia. Haya, tazama. Kila mtu ameshatazama."

Oliva aliikuza picha kwa vidole. Saa. Joto la bwawa. Presha. Pampu. Mwandiko wa baba yake ulikuwa wa mviringo, wa mtu aliyefundishwa na masista. Thelathini na moja. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Thelathini na mbili. Na kwenye safu ya pampu, tiki moja kwa kila saa.

"Namba hizi uliziona kwa macho yako?"

"Niliziona. Kila saa nilikwenda nikasoma. Mimi siwezi kuandika kitu ambacho..." Stanislaus alikatiza, akamfukuza kuku ambaye wala hakuwa amesogelea mihogo.

"Kipimajoto chenyewe kiko wapi ndani ya bwawa?"

"Waya umeshuka mpaka chini kabisa. Fundi aliyeufunga aliutia jiwe usielee."

Oliva alishika shingo. "Na mdomo wa bomba la mvuke?"

"Katikati. Mita moja na nusu hivi kutoka juu."

"Baba, mimi ndicho ninachokisomea hiki."

"Wewe unasomea nyuklia."

"Nasomea bwawa. Mtambo wa nyuklia nao una bwawa kama la kwenu, kubwa zaidi. Ikitokea hatari, mvuke unaelekezwa humo ili upoe. Ukipiga hesabu, unaona maji baridi yapo ya kutosha kumeza mvuke wote. Lakini mvuke ukiingia polepole, maji yaliyopata moto yanapanda juu na kukaa hukohuko juu. Ya chini hayana habari. Unakuwa na bwawa zima la maji baridi ambayo hayakusaidii, kwa sababu bomba linatemea kwenye yale ya moto. Siku mvuke ukija mwingi, hakuna wa kuumeza." Ilikuwa hotuba ndefu kwake, na alipoimaliza aliinamisha macho. "Namba zako zinaweza kuwa za kweli kabisa, baba. Kipimajoto kilikuwa kinapima maji yasiyo na habari."

Kitu kililegea kwenye mabega ya Stanislaus, kisha kikakaza tena.

"Huku ni mpunga, mwanangu. Usiende kuniletea nyuklia mbele ya meneja, watanicheka mpaka Mang'ula."

"Basi nitawaonyesha kwa ndoo."

Akainuka akachota ndoo ya maji ya kisimani, akachukua sufuria iliyokuwa ikichemka jikoni, akaimwaga ndani ya ndoo kwa pupa. Alipotia mkono alitikisa kichwa. Yote yalikuwa uvuguvugu, juu na chini.

"Unamwaga kama unafukuza mbwa," Balbina alisema. Hakujua kwamba amesema mpaka alipojisikia. "Lete."

Alichota maji mengine baridi, akachemsha mengine. Kisha akaweka kifuniko cha plastiki kielee juu ya maji ya ndoo, akamimina ya moto juu ya kifuniko taratibu, yakateleza pembeni bila kuruka. Akakiondoa kifuniko kwa vidole viwili.

"Pitisha mkono pembezoni ushuke nao chini. Upesi."

Oliva alitii, akatoa mkono haraka, ngozi imeiva. "Juu yanaunguza! Chini ni baridi kama ya kisimani!" Alikuwa anacheka kwa mshangao. "Mama, hii umeijulia wapi?"

"Miaka kumi na tisa nakanda wazazi wakishajifungua. Maji ya mzazi usipoyageuza kutoka chini, mkono wako unakudanganya. Unatia vidole chini unaona yamepoa, unachovya kitambaa juu unambabua mtu."

"Kesho mama ndiye aje kuonyesha," Oliva alimwambia baba yake. Kisha tabasamu likapungua. "Ila kuna kitu kimoja kinanikwamisha. Pampu. Pampu inavuta maji ya chini na kuyarudisha juu. Ikiwa inazunguka, hayawezi kutengana hata kidogo. Na hapa pana tiki kila saa."

Kwenye ndoo maji yalikuwa yametulia, na kwa macho hayakuwa na tofauti yoyote na maji mengine.

"Imeandikwa inazunguka," Stanislaus alisema akiinuka. "Basi ilikuwa inazunguka."

Akachukua nyundo akaenda kugongea misumari banda la kuku, ambalo lilikuwa zima.

Wanawake wa nyuma ya kiwanda walikuwa wamezoea kuchota maji ya bwawa tangu lilipojengwa. Yalikuwa safi, ya bure, na yana moto. Lakini pampu ilipokuwa ikizunguka yalikuwa vuguvugu tu, ya kunawia uso. Masika ya mwaka huu mkaa ulikuja umelowa na kuni zikawa za moshi mtupu, na Balbina alikuwa na wazazi watatu wa kukanda kwa pamoja, kila mmoja asubuhi na jioni. Akamwomba mumewe azime pampu saa mbili tu kabla ya jioni, ili maji ya juu yapate moto. Stanislaus alikataa. Akamwomba tena, akakataa. Mara ya tatu Balbina alimwambia, mbele ya wazazi wawili waliokuja kumsalimia, kwamba mwanaume mwenye moto wote ule mkononi anamwacha mkewe apulize kuni mbichi kama mjane. Wale wazazi walicheka. Stanislaus hakucheka, lakini kesho yake maji yalikuwa na moto.

Baadaye saa mbili zikawa nne, nne zikawa mchana kutwa. Na bomba, ambalo siku zote lilikuwa likigonga chini ya maji, du-du-du, mpaka vikombe vinatetemeka kwenye makabati ya majirani, likaacha kugonga. Watu wakashukuru. Meneja mwenyewe, Anselim, alipita akasema afadhali, leo mtu anaweza kuongea na simu.

Siku ile Balbina alikuwa akimkanda Omega, mzazi wa siku ya sita, kitambaa kimeanza kupoa. Philomena alikuwa amekuja kumwona mtoto tu. "Wifi, nikimbilie ndoo moja," Balbina alimwambia. "Chota ya juu."

Sasa alimfuata mumewe bandani.

"Baba Oliva, kesho nitasema."

Nyundo haikusimama. "Utasema nini? Kwani swichi ulishika wewe?"

"Nilikuomba."

"Watu wanaombwa kila siku. Mimi ndiye niliyelipwa nisikubali." Aligonga msumari ukapinda. "Na tiki nilipiga mimi. Kila saa, nikijua. Hivyo wanaponiita mwongo, sina mdomo."

"Lakini namba hukudanganya! Watakupeleka polisi kwa namba ambazo ni za kweli."

"Polisi nao ni watu." Alishusha nyundo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nne akamtazama. "Sikiliza. Philomena akiamini mimi ndiye niliyemuunguza, atanitukana mwaka mzima, halafu siku moja atakuja kula hapa. Mimi ni kaka yake, kaka hafukuzwi. Akijua ni maji uliyoyaomba wewe, na wewe ndiye uliyemtuma, itakuwaje? Wifi anafukuzwa, Mama Oliva. Mama yangu alimfukuza wa kwake kwa sababu ya ungo."

Balbina alikaa kwenye kinu kilicholazwa, na Oliva, aliyekuwa akiosha sufuria upande wa pili wa banda, akaacha kuosha. Jioni wakati wa kula alimpakulia mama yake nyama iliyokuwa ya kwake.

Kikao kilikuwa saa nne asubuhi. Mlinzi wa getini, ambaye kwa miaka sita alikuwa akimwita Balbina mama na kumfungulia geti la nyuma, leo alimpa daftari la wageni ajiandikishe. Kwenye safu ya sababu ya kuja Balbina hakujua aandike nini. Mlinzi akachukua kalamu akaandika mwenyewe: kesi.

Yeye hakuitwa ndani. Alikaa nje ya dirisha la ofisi, kwenye gunia la pumba, na kupitia nyavu aliona migongo mitatu na uso wa Anselim. Fundi wa mitambo aliyetumwa kutoka Morogoro na tajiri mwenye kiwanda, mtu mfupi aitwaye Fidelis, alikuwa amekaa pembeni na shajara. Stanislaus alivaa shati la kanisani. Oliva aliruhusiwa kuingia kama msaidizi wa baba yake.

"Shikamooni," Oliva alisema, akaanza kueleza.

"Sauti, binti," Anselim alisema. "Hapa pana mashine."

Alianza upya. Balbina aliona kidole cha mwanawe kikipapasa shingo. Aliposema neno nyuklia mtu alicheka puani, na Anselim akauliza kama kiwanda nacho sasa kinatengeneza bomu. Oliva akasema, kwa sauti ileile ndogo, "Tukautoe waya tuuone mwisho wake," na Fidelis, ambaye mpaka hapo alikuwa akichorachora tu, akafunga shajara akainuka.

Wote wakatoka mpaka bwawani. Balbina alifuata kwa mbali. Fidelis mwenyewe aliuvuta waya, ukaja, ukaja, mpaka jiwe lilipotokea na tope la chini likidondoka.

"Nani alifunga hivi?"

Anselim alikohoa. "Fundi wa mkataba. Alikuwa bei nafuu."

"Hiki kilikuwa kinapima tope." Fidelis alimgeukia Stanislaus. "Mzee, namba zako nazikubali. Ila binti amesema kweli, maji yanatengana tu kama pampu haizunguki."

Anselim alikuwa na daftari kwapani. Alilifungua kwenye ukurasa ule na kulishika mbele ya Stanislaus, karibu na pua, kama mwalimu na mwanafunzi.

"Basi chagua mwenyewe, bwana Stanislaus. Pampu ilikuwa inazunguka? Kama ndiyo, hadithi ya binti imekufa na namba hizi ni za kughushi. Kama hapana, tiki hizi ndizo za kughushi, na utatuambia uliizima kwa nini. Kwa nani? Nani alikulipa? Maana mtu hazimi pampu bure."

"Namba niliziona," Stanislaus alisema.

"Sikuulizi namba."

Stanislaus alitazama maji. Balbina akajua kwamba hatasema, wala leo wala polisi, kwamba ataondoka pale mwizi kamili aliyehongwa na mtu asiyekuwepo.

"Nilimwomba mimi," alisema.

Wakageuka. Alikuwa amesimama karibu na geti la nyuma, pale wanawake walipozoea kupanga foleni ya ndoo.

"Mimi ndiye niliyemwomba azime. Hakulipwa na mtu. Ukiizima, ya juu yanakuwa na moto, na mimi nakanda wazazi. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nikamwaibisha mbele ya watu."

"Mama Oliva," Stanislaus alisema kwa upole, kama mtu anayemwamsha mtu.

"Mama," Anselim alisema, "unaelewa unachofanya? Unamwongezea mumeo kosa."

"Naelewa. Lakini hilo ndilo lake. Lile lingine si lake, mmempa tu." Akamgeukia Anselim. "Na bomba lilikuwa linagonga, likaacha kugonga. Wote tulisikia. Wewe mwenyewe ulisema afadhali."

Fidelis alimtazama Anselim, kisha Oliva. "Lilinyamaza?"

"Linagonga maji yakiwa baridi," Oliva alisema, na safari hii hakuna aliyemwambia aongeze sauti. "Mvuke unapomezwa ghafla maji yanarukia nafasi yake, ndiyo kishindo. Likinyamaza, maji yanaelekea kushindwa kuumeza."

Anselim alifunga daftari. Aliitisha kiti, hakikuja, akabaki amesimama.

Ilichukua saa nzima kuandika. Namba za joto ni za kweli. Kipimajoto kiliwekwa mahali pasipofaa na kiwanda. Tiki za pampu si za kweli. Polisi, kwa sasa, hapana. Stanislaus anasimamishwa kazi mpaka tajiri aamue, na geti la nyuma linafungwa. Kabla hawajamaliza kuweka sahihi mlinzi alikuwa ameshaanza kulipigilia mbao.

Nje ya kiwanda Stanislaus alitembea mbele yao hatua ishirini hivi, kisha akasimama akamsubiri mkewe.

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia."

Kwa hasira yote iliyokuwa usoni mwake, alichofanya ni kumsimamishia bodaboda.

"Wahi," alisema. "Watu wana simu."

Simu ilikuwa imewahi. Balbina alipoingia wodini Philomena alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto juu ya kifua, kioo bado kinawaka.

"Yoramu kapiga," Philomena alisema.

"Nilitaka usikie kwangu."

"Siku tano umeniletea uji. Siku tano. Mdomo ulikuwa umeusahau wapi?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani, mimi? Hata kujisaidia nashikwa." Philomena aligeuza uso ukutani, akaurudisha. Macho yalikuwa makavu. "Uliponituma, ulijua?"

Balbina alitaka kusema hapana. Lingekuwa jibu la karibu na kweli, na lingepokelewa. "Sikujua kama yatapasuka. Nilijua ni ya moto. Nilitaka yawe ya moto. Nikakwambia uchote ya juu."

"Uliniambia chota ya juu," Philomena alisema polepole.

Balbina akaanza kushuka magotini.

"Usipige magoti. Simama. Wataona unaniombea, wadhani nimekufa."

Akasimama. Mwanamke wa kitanda cha jirani aliondoa mkoba kwenye kiti, akakisogeza mbele kwa mguu. Balbina alikitazama.

"Usikae," Philomena alisema. "Niambie, polisi hawamtaki tena?"

"Kwa sasa hawamtaki. Kazi wamemsimamisha."

"Na namba?"

"Wameandika ni za kweli. Wameweka sahihi," Balbina alinong'ona.

"Sasa mbona unanong'ona? Yule wa sabuni hakunong'ona. Alisimama hapohapo akamwita kaka yangu mwongo kwa sauti ya mnadani, na humu ndani hakuna asiyesikia. Bibi wa mlangoni ni kiziwi, naye kasikia." Philomena aliweka simu chini. "Yangu na yako tutayaongea siku nitakayotembea. Usijidanganye yamekwisha, hata hayajaanza. Lakini ya kaka yangu hayawezi kungoja miguu. Anzia pale mlangoni, kitanda kwa kitanda. Mwambie kila mmoja kaka alichofanya na ambacho hakufanya. Nitakuwa nasikiliza."

Vitanda vilikuwa kumi na kimoja. Balbina aliifungua kanga yake kiunoni, akaifunga upya, akatembea mpaka mlangoni huku nyuso zikimfuata. Kwenye kitanda cha kwanza alikuwa amelala bibi mmoja mnyonge, mwenye rozari shingoni.

"Shikamoo, bibi."

"Ee?"

"Shikamoo. Naitwa Balbina. Mimi ni mke wa yule opareta wa boila, yule mliyeambiwa..."

"Sauti!" Philomena aliita kutoka mwisho wa wodi.

Balbina akavuta pumzi, akaanza upya kwa sauti ya juu, hata waliokuwa barazani wakingoja saa ya kuona wagonjwa wakageuka kumtazama.